Tiba na Matunzo

Watu wengi husema kuwa jina la Kericho limetokana na neno la Wakipsigis la dawa, kerichek. Basi yafaa nchi hii ya chai, kutoka Kericho hata Bomet, iwe mahali pa kufikiri swali hili: je, mwili ukitiwa dawa, mtu amekwisha kutibiwa? Naona amepata nusu tu. Na atunzwaye pasipo dawa naye amepata nusu.

Swali hili lililetwa nyumbani kwetu na maradhi ya shangazi yangu, aliyechuma chai kwa miaka mingi. Aliugua saratani ya ovari, yaani vile viungo viwili vidogo vitunzavyo mayai ya uzazi. Saratani hii huingia kwa hila. Tumbo hujaa, chakula kidogo hushibisha, nyonga huuma, haja ndogo huja mara kwa mara. Mtu hudhani ni gesi au uzee, wala hapana kipimo cha kutegemewa cha kuigundua kwa mwanamke asiye na dalili. Kwa hiyo wengi humfikia daktari ugonjwa umekwisha kuenea. Aonaye dalili hizo zikidumu majuma kadhaa asingoje.

Jirani mmoja alimshauri aache hospitali, anywe mizizi peke yake. Mimi siidharau miti shamba. Paclitaxel, dawa ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1992 kwa saratani ya ovari, ilipatikana kwanza katika gome la mti. Lakini gome lile halikuchemshwa likanywewa kwa kubahatisha. Wataalamu walitenga kiini chake, wakakipima, wakajua kiasi kifaacho na kiasi kidhuricho. Mizizi isiyopimwa yaweza kupunguza nguvu ya dawa za hospitali, au kuizidisha hata ikadhuru. Shangazi alimweleza daktari kila alichokuwa akinywa, akaiweka mizizi kando.

Baada ya upasuaji alitiwa dawa za mshipani. Alichoka, akatapika, nywele zikamtoka. Hapo matunzo yakaanza kazi yake. Muuguzi alimfundisha kutembea polepole asubuhi kando ya michai, maana mwendo kidogo hupunguza uchovu wa maradhi haya. Mursik, maziwa ya kibuyuni, aliyapenda mno. Lakini damu yake ilipokuwa dhaifu alikatazwa maziwa yasiyochemshwa, akanywa uji. Jioni wanawake wa kanisani walikuja kuimba naye. Nyimbo hazikuondoa uvimbe. Ziliondoa upweke, na upweke nao ni maumivu.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Mwaka 1967 alifungua London nyumba ya kuwatunza watu wa namna hiyo. Fikira zake zilifika kwetu: Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na Hospitali ya Tenwek huko Bomet hutoa matunzo kama hayo.

Wangari Maathai, aliyeitetea misitu ya Kenya, alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani hiyo hiyo. Alikuwa ameagiza asiwekwe katika jeneza la mbao. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugumaji. Mwili wake ulishindwa, lakini hiari yake iliheshimiwa. Mgonjwa si kitanda chenye namba. Ni mtu mwenye lake la kusema.

Shangazi aliishi miaka minne. Dawa zilimwongezea siku. Matunzo yalizifanya siku hizo ziwe zake. Wachache miongoni mwenu, wanafunzi, mtakuwa madaktari, lakini kila mmoja wenu atakuwa na mgonjwa nyumbani. Mhimizeni aende hospitali mapema, kisha arudipo msimwache peke yake.