Urithi wa Mbao, na Wenyewe Wapo

Likizo iliyopita, sisi wanachama wanne wa klabu tulitoka Perth kwa gari hadi Denmark, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Australia Magharibi. Tulifuata bahari, tukaishia juu ya daraja la zamani la reli. Ni la mbao, na siku hizi hupitwa na watu wa miguu na baiskeli.

Mji huu ulizaliwa na mbao. Katika miaka ya 1890 kampuni ya Millars ilijenga hapa kiwanda, ikakata miti ya karri, ambayo huweza kupita mita 80 kwa urefu. Ikatoa mataruma ya reli na magogo ya kujengea. Kufikia 1905 miti ya karibu ilikwisha, kiwanda kikafungwa, na watu wengi wakahama. Hata hivyo, jina karri lenyewe ni la Wanoongar, wenye ardhi hii tangu zamani.

Hapo darajani mmoja wetu alimpigia simu bibi yake aliyeko Tanga.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kuona urithi wa mbao."

"Marahaba. Urithi wa nani? Wenyewe wamekufa?"

Tukasema hapana, Wanoongar wapo, na mto huu wao huuita Kwoorabup, mahali pa bata maji mweusi.

"Basi wajukuu zangu, huo si urithi. Mwenye mali akiwa hai huombwa, harithiwi."

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Chuoni kila hafla huanza kwa kuwataja wenye ardhi, nasi huitikia kwa mazoea tu. Isitoshe, sisi wenyewe huitwa wanafunzi wa lugha ya urithi, ilhali wenye Kiswahili chetu wako hai. Hutupigia simu kila wiki, nasi huwajibu kwa Kiingereza. Usiku ule mmoja wetu alikiri kwamba simu ya babu yake huwa haipokei, kwa kuona aibu ya kukosea ngeli.

Tulimwambia ampigie palepale. Alikosea mara nyingi, na babu akamsahihisha kila mara bila kuchoka. Walizungumza karibu saa nzima. Asubuhi, kabla ya kuondoka, tulipita tena darajani. Safari hii tulianza kwa kulitaja jina la mto: Kwoorabup.