Ukuta Ulio Mbele ya Mlango

Nyumba yetu hapa Lubumbashi si kubwa. Chumba cha kupokelea wageni kina urefu wa mita nne na upana wa mita tatu na nusu, na kwa miaka mingi tuliona fahari kukijaza. Kulikuwa na kalenda tatu, mbili kati yake za miaka iliyokwisha pita. Shahada yetu ya ualimu ndani ya kioo. Saa, maua ya plastiki, picha za ubatizo na za ndoa, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti. Na televisheni, ambayo hata ikizimwa huwavuta watu waitazame. Mgeni alipoingia, macho yake yalizunguka kama nzi asiyepata pa kutua. Mwishowe alitazama chini.

Tulifumbuliwa macho nyumbani kwa mwalimu mwenzetu, ambaye mshahara wake hauzidi wetu. Mbele ya mlango wake ametundika mchoro mmoja tu, wa samaki na ndege, kwa namna ya wachoraji wa karakana ile aliyoifungua Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mji huu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Humo Pilipili Mulongoy na wenzake walichora mambo waliyoyajua wenyewe, bila kulazimishwa kuiga picha za Ulaya. Ukuta uliobaki ni mweupe, mtupu. Tulikaa saa nzima, na kila mazungumzo yalipopoa, macho yetu yalirudi pale pale.

Basi Jumamosi iliyofuata, mama wa watoto akiwa sokoni, tukaanza kazi. Tulitoa kila kitu ukutani, tukaziba matundu ya misumari, tukapaka chokaa. Televisheni tuliihamishia pembeni. Tulijisifu sana. Lakini kati ya vitu tulivyovitia katika sanduku la katoni ilikuwamo picha ya marehemu baba yetu, ndogo, iliyofifia, iliyokuwa imebanwa kati ya kalenda mbili.

Mama yetu mzazi anakaa nasi. Watoto humwita nkambo. Jioni ile alitoka chumbani mwake, akasimama mbele ya ukuta mweupe, kisha akarudi ndani. Chakula hakukigusa. Tulipomfuata alisema maneno haya tu:

— Mwanangu, umemhamisha baba yako bila kumwambia?

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesahau kwamba kitu kisichoonekana na mgeni chaweza kuwa ndicho kinachotazamwa na mwenye nyumba kila siku.

Kesho yake tuliileta picha, tukataka kuitundika katikati, peke yake, kwa heshima. Mama akakataa. Baba, alisema, hakupenda kukodolewa macho na watu. Akae karibu na kitanda changu. Kisha akafungua sanduku lake la bati, akatoa kitu kizito kilichofungwa katika kitenge. Kilikuwa msalaba wa shaba, wenye mikono minne kama herufi X, uliotolewa pamoja na mingine katika mahari ya nkambo wake.

Sisi tulikuwa tumewafundisha watoto habari za misalaba hiyo, bila kujua kwamba mmoja ulilala nyumbani mwetu. Wazee wa Katanga waliyeyusha mawe ya shaba, ambayo sisi huiita mukuba, katika tanuri za udongo wa kichuguu, kwa makaa na mivukuto, wakaimimina katika viunzi. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Wachimbuzi waliofukua makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, waliikuta pamoja na maiti. Na bendera ya Katanga ya mwaka 1960 ilichorwa misalaba mitatu ya namna hiyo.

Kuutundika kulitupa taabu. Una urefu wa sentimita 20 tu, na juu ya ukuta mpana ulionekana kama kitu kilichosahauliwa pale. Fundi seremala akatukatia ubao wa mti mweusi, mara tatu ya upana wake. Juu ya ubao huo shaba ikang’aa. Kwanza tuliuweka juu mno, karibu na dari, kama watu wengi wafanyavyo. Tukaushusha hadi usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Dirisha liko ubavuni, na saa kumi jua huupiga kwa upande, kivuli chake kikarefuka ubaoni. Tulitaka kuusugua kwa limau na chumvi upate wekundu wa upya. Mama wa watoto akatuzuia: aliona weusi wake ndio umri wake. Ni yeye pia aliyeturudishia vitambaa viwili vitini, na tulinyamaza, maana tulikuwa tumekwisha kosea mara moja.

Sasa wageni huingia, husimama, huuliza. Sisi hatujibu. Mwenye kujibu huketi katika kiti kilicho chini ya ubao ule, naye huanza hadithi tangu siku wajumbe wa mahari walipovuka mto.