Kokoto za Mkaza Mjomba

Jioni niliyotia mikono ndani ya tangi la samaki la Mjomba, niliamini kwa dhati kwamba nilikuwa nikitenda hisani. Maji yalikuwa yameanza kunuka. Kila nilipowanyunyizia samaki chakula, chembe zilizosazwa zilizama na kupotelea katika tabaka la kokoto lililofunika sakafu ya tangi, kina chake kama vidole vinne, na humo zikaoza. Nami, mpenzi msomaji, nimeumbwa na ugonjwa wa usafi. Hata chumba changu cha bweni hufagiliwa mara mbili kwa siku, jambo ambalo wenzangu hawajanisamehe hadi leo.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na makao yake ni Nakuru. Likizo ile ndefu alikuwa amekwenda Nairobi kufanyiwa upasuaji wa goti, kisha akabaki kwa bintiye hadi apate nafuu. Mimi niliachiwa nyumba, kuku saba, na tangi hilo la kioo la lita 60. Lilikuwa tangi la marehemu mkewe. Mkaza mjomba wangu ndiye aliyelinunua, na ndiye aliyeziokota kokoto zile kidogo kidogo, kwa miaka, kila walipopita kando ya mto wowote safarini. "Nitunzie," aliniambia Mjomba akiegemea mlango wa gari, wala hakuongeza neno.

Samaki wenyewe walikuwa gapi, wale wadogo wenye mikia ya rangi rangi. Asili yao ni Trinidad na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na jina lao walilipata mwaka 1866 kutokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyewapeleka Uingereza kutoka Trinidad. Gapi hatagi mayai. Hubeba mimba kwa muda wa mwezi hivi, kisha huzaa watoto walio hai, na asipoangaliwa huwageuka akawala. Mmoja alipozaa, niliwahamishia wakubwa wote katika beseni. Wakabaki vifaranga 31 peke yao, kila mmoja mfupi kuliko punje ya mchele, macho mawili na kivuli cha mkia. (Vifaranga ni neno la wafugaji wetu. Nami silioni sababu ya wanaleksikografia kulitafutia jingine.)

Hapo ndipo nilipokwama. Uchafu wa tangi huondolewa kwa mpira wa kufyonza maji, lakini mpira ule haubagui kati ya kinyesi na kifaranga. Nikajiambia: shina la uchafu ni kokoto, basi kokoto na ziondoke.

Nilizichota zote kwa upawa, jioni moja. Kila upawa ulipozama, wingu jeusi lilifumuka likapanda juu na harufu ya mayai viza. Niliendelea. Ndoo mbili nilizimwaga langoni penye tope, la tatu likabaki karaini nyuma ya nyumba kwa kuwa giza liliniwahi. Sifongo ya pampu ya hewa niliisugua kwa sabuni na kuisuuza bombani. Nikajaza maji ya bomba. Usiku ule tangi liling'aa kama dirisha la duka, nami nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi vifaranga 17 walikuwa wamelala chaliani mwa sakafu tupu. Waliosalia walikuwa juu kabisa, vinywa vikigusa uso wa maji, wakitweta.

Sijui nilikaa muda gani na simu mkononi. Nilipompigia Mjomba, nilianza kwa shikamoo na kuishia kwa kigugumizi. Hakufoka. Aliniuliza swali moja: "Kokoto ziko wapi?" Nikamweleza. Kimya chake kilikuwa kirefu hata nikadhani mtandao umekatika.

"Za karaini zingali mbichi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi sikiliza, mpwa wangu."

Nikasikiliza darasa ambalo sikuwahi kulipata shuleni. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Juu ya kokoto na ndani ya sifongo huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili. Huchukua majuma kadhaa kuota, na ule utelezi nilioukwangua kwa bidii ndimo walimokaa. Klorini ya bomba iliwamaliza waliobaki. Lile wingu jeusi nalo lilikuwa uozo wa miaka, uliotulia chini hadi nilipoufumua kwa pigo moja.

Kokoto zaweza kuondolewa vifaranga wakiwamo, alisema, lakini huondolewa ukanda kwa ukanda, siku kadhaa zikipita kati ya ukanda na ukanda. Huwavuta vifaranga upande wa pili kwa chakula, ukainua upawa polepole na kukagua kila mchoto, kwa maana wao hujificha katikati ya mawe. Mdomo wa mpira hufungwa kitambaa chepesi.

Nilitoa theluthi ya maji, nikarejesha maji ya mvua kutoka pipani. Kokoto za karaini nilizitia katika soksi ndefu ya nailoni, nikaining'iniza kando ya pampu. Kila siku nilibadilisha maji kidogo. Chakula nacho nilikipima kama dawa. Watatu zaidi walikufa siku ya pili. Siku ya nne hakufa yeyote, na sikuthubutu kufurahi hadi ya kumi.

Mjomba alirudi baada ya wiki sita, akitembelea mkongojo. Aliinama mbele ya tangi akahesabu kwa kidole: 11, mikia ya madume ikianza kupata rangi. Akaigusa ile soksi iliyotota, akaiacha. Kisha akatoka nje bila kuvua koti, akaelekea langoni.

Goti halikumruhusu kuchutama. Alisimama, akanyoosha ncha ya mkongojo kwenye tope lililokauka. "Ile nyekundu. Ya Mto Yala, mwaka tuliokwenda kwa mahari ya dada yake." Nikaikwangua kwa kijiti, nikamkabidhi. Aliifuta kwenye suruali. "Na ile bapa, hapo mguuni pako. Athi." Nyingine hakuzikumbuka, akaniambia niziache. Tuliendelea hivyo hadi giza likaingia, akanituma nyumbani nikalete tochi.