Kabla ya kumpa dawa ya tumbo, uliza kwanza

Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa watoto wenu. Leo naandika kama mtu aliyekosea, na kosa langu lilikuwa karibu kumchukua mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 16. Alikaa kwangu kwa ajili ya masomo. Siku moja mangaribi alirudi kutoka kuchota maji, ameshika tumbo. Akaniambia: "Yaya, tumbo linasokota, hapa kwenye kitovu." Bugali na sombe aliviacha kwenye sahani. Mimi nilikuwa nasahihisha daftari za wanafunzi. Nilimjibu bila kuinua macho: "Ni amibe tu, ama mwezi wako uko karibu." Mnajua hapa kwetu kila tumbo ni amibe.

Nilifungua kopo ninalowekea dawa. Ndani kulikuwa na vidonge vya Buscopan, vilivyobaki tangu nilipoandikiwa mimi mwenyewe zamani. Nilimpa viwili. Baada ya muda akalala, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimekuwa muganga.

Asubuhi maumivu yalirudi, lakini yalikuwa yamehama. Sasa yalikuwa chini, upande wa kuume. Aliniambia hivyo, nami sikushika maana yake. Nilimpa viwili tena nikaenda shuleni. Saa sita viwili, jioni viwili. Usiku wa pili alianza kutapika. Mwili ukawa moto. Kwenda choo alitembea ameinama kama bibi mzee. Nilipobonyeza tumbo polepole alivumilia, lakini nilipoondoa mkono alipiga kelele.

Usiku ule hakuna aliyeweza kushika njia. Barabara yetu mnaijua, wakati wa mvua na wakati wa hofu. Kulipopambazuka, vijana wanne wa majirani walimbeba kwenye tipoyi mpaka kituo cha afya, na kutoka pale akatumwa hospitali.

Muuguzi aliniuliza: "Amekunywa dawa gani?" Wamama, niliona haya. Mimi mwenye diploma ya ISP, ninayewafundisha watoto kunawa mikono na kuchemsha maji, niseme nilimpa mgonjwa vidonge vya kopo siku mbili? Nikajibu: "Hakuna." Mdogo wangu alikuwa anatetemeka pale kitandani, lakini alisema: "Yaya alinipa vidonge vya tumbo. Tangu juzi."

Ilikuwa apandisite, yaani kidole tumbo kilikuwa kimeoza na kimeanza kupasuka. Alipasuliwa siku ile ile. Alilala hospitalini siku 12, na leo yuko mzima, anasoma. Lakini yale niliyoambiwa na muuguzi yule bado ninayo. Hakunigombeza. Alisema tu: "Dawa haikumletea ugonjwa. Ilikuchelewesha wewe kuja."

Baada ya hapo nilimwomba anieleze dawa ile, maana nilikuwa naitumia miaka mingi bila kuijua.

Matumbo yetu yana nyama inayojikaza na kujilegeza ili kusukuma chakula. Nyama hiyo ikijikaza kupita kiasi, ndipo tunasikia tumbo linasokota: linauma, linaachia, linauma tena. Dawa hizi zinailegeza. Buscopan ni jina la biashara. Jina la dawa yenyewe, kwa maandishi madogo, ni butylbromure ya hyoscine ama ya scopolamine, ni kitu kimoja. Iko nyingine inayoitwa Spasfon, ambayo dawa yake ni phloroglucinol. Zote ni za kutuliza msokoto. Haziui amibe, haziui minyoo, hazitibu tifoide. Kama ndani kuna ugonjwa, ugonjwa unaendelea na kazi yake wakati mgonjwa amelala.

Na magonjwa hayo si ya kubuni. Tifoide ikiachwa inaweza kutoboa utumbo. Kati ya Oktoba 2004 na mwanzo wa Januari 2005, huko Kinshasa, tifoide ilishika watu zaidi ya 42,000. Watu 214 walikufa, na 696 walifikia utumbo kutoboka ama tumbo kuoza kwa ndani. Kwa watu kama hao, tumbo linapouma ni mwili unaopiga kelele kuomba msaada.

Sisemi tuzitupe dawa hizi. Mimi mwenyewe bado nakunywa Buscopan wakati wa mwezi, tumbo linaponisokota mpaka nashindwa kusimama mbele ya darasa. Lakini sasa ninauliza kwanza. Nawapa mambo ninayoyafuata, kama nilivyofundishwa.

Kwanza, nauliza mahali na namna. Linauma wapi? Limeanza lini? Limehama? Linaachia ama linauma bila kupumzika? Kama kuna homa, kutapika kusikoisha, tumbo gumu kama ubao, damu kwenye choo, ama mtu hapati choo wala hewa haitoki, simpi kidonge. Tunaenda kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Pili, kwa mwanamke ama binti aliyekosa mwezi wake, maumivu makali chini ya tumbo yanaweza kuwa mimba iliyokaa nje ya kizazi. Hiyo inaua kwa kumwaga damu ndani, na nje huoni kitu. Akisikia kizunguzungu, ni mbio. Na mwenye mimba asinywe dawa hii kabla ya kumwuliza muuguzi.

Tatu, tumbo la kuhara si la dawa hii. Kuhara kunataka maji. Ni SRO, ama ukiikosa, litra moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, si vya kurundika. Mtoto anaongezewa zinki kwa siku 10 mpaka 14, kama IT anavyoandika. Kuhara maji meupe kama ya mchele kunaweza kuwa kolera. Mgonjwa apelekwe akiendelea kunyweshwa njiani.

Nne, kipimo. Kidonge cha Buscopan kilichozoeleka kina miligramu 10. Mtu mzima kwa kawaida anakunywa kimoja ama viwili kwa mara moja, na si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa chini ya miaka 6 vidonge hivyo si vyake, na mtoto mkubwa apimiwe na muuguzi. Kukata kidonge cha mama vipande viwili na kumpa mtoto si kupima. Na mimi nimejiwekea mpaka wangu: maumivu yakirudi siku ya pili, kopo linafungwa, ninaenda kuonwa.

Tano, Buscopan ina watu isiowafaa. Kuna ugonjwa wa presha ndani ya jicho, unaoitwa glokoma. Kuna wazee wanaume wanaopata shida ya kukojoa. Kuna wenye moyo unaopiga mbio, na wenye utumbo ulioziba. Hata mtu mzima wa afya anaweza kukauka mdomo, kufunga choo, ama kuona ukungu machoni. Akishindwa kukojoa, ama jicho likiuma na kuwa jekundu, aache na aende kituoni.

Sita, nanunua dawa yenye karatasi yake. Sokoni tunauziwa vidonge viwili vitatu vilivyokatwa kwenye plaketi, bila jina wala tarehe ya mwisho. Bei ni ndogo, lakini hujui umeweka nini mdomoni mwa mtoto.

La saba ndilo lililonigharimu haya kubwa: sema ukweli kwa muuguzi. Ulimpa nini, vingapi, saa ngapi. Na mizizi pia, kama ulimpa mizizi. Wamama wengi tunaficha kwa kuogopa kugombezwa. Lakini muuguzi anayejua maumivu yametulizwa na dawa atalitazama tumbo lile kwa uangalifu zaidi. Asiyejua anaweza kuona limetulia, akawarudisha nyumbani.

Ninaomba kila kikundi, kwenye mkutano wa likelemba wa wiki ijayo, tuwaite mareko wetu, na kila mama alete kopo lake la dawa. Tusome majina pamoja. Zilizopita tarehe, tuzipeleke kituoni.

Juzi jirani alimleta mtoto wake kwangu usiku, tumbo linauma. Kwa mazoea mkono wangu ulienda kwenye kopo. Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na moto. Aliinuka, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwuliza: "Linauma wapi? Nionyeshe kwa kidole kimoja."

Nikarudisha mkono, nikangoja mtoto ajibu.