Kutoka Kibera na Kawangware Hadi Kilele cha Lenana

Katika miezi ya Januari na Februari, kabla vumbi la mchana halijapanda, mtu asimamaye mahali pa juu mjini Nairobi na kutazama upande wa kaskazini na mashariki aweza kuona kitu kama jino lililochongoka juu ya upeo wa macho. Huo ndio Mlima Kenya, nao uko mbali kiasi cha kilomita 140. Huonekana kwa kitambo kidogo tu. Jua likipanda, na moshi wa majiko na wa magari ukienea, mlima hujificha, na watu wa Kibera na Kawangware huendelea na shughuli zao. Huyu hushika njia kwa miguu kwenda eneo la viwanda, yule hupanda matatu ya 46 kwenda ofisini mjini, na mwingine hufungua kibanda chake cha kushona viatu.

Zamani wengi walidhani kwamba kupanda mlima ule ni kazi ya wageni kutoka Ulaya, wenye fedha nyingi na siku za kupoteza. Mawazo hayo yamekwisha badilika. Siku hizi makarani, waalimu, wauguzi na mafundi wa Nairobi hukusanyika katika vikundi, hulipa fedha kidogo kidogo kwa simu, kisha huondoka pamoja chini ya kiongozi aujuaye mlima. Jambo hili ni jema. Lakini mlima wenye urefu wa mita 5,199 si mahali pa mandari, na yafaa anayetaka kujiunga ajue anajiunga na nini.

MATAYARISHO

Mazoezi huanzia karibu na nyumbani. Vilima vya Ngong, ambavyo kutoka Kawangware huonekana kama vifundo vya ngumi, vina urefu wa mita 2,460, na matatu ya 111 humfikisha mtu mjini Ngong, chini yake. Mwenye kuvimaliza bila taabu huenda akapanda Longonot, mita 2,776. Safari hizi hufundisha miguu na magoti. Lakini hazifundishi mapafu, na neno hili tutalirudia.

Kwa habari ya mavazi, watu wa Kibera wana bahati kuliko wengi, maana soko la Toi liko mlangoni pao. Katika marundo ya mitumba hupatikana makoti ya baridi, soksi za sufu, glavu, suruali zisizopitisha upepo, hata buti za milimani zilizokwisha kutembea Ulaya kabla ya kufika Toi. Mnunuzi mwenye subira hupata huko, kwa bei nafuu, vitu ambavyo dukani vingemgharimu mshahara mzima. Aangalie mambo mawili. Kwanza, asitegemee nguo za pamba wala suruali za jinzi, kwa sababu zikilowa hazikauki upesi, na baridi huganda mwilini. Pili, buti azivae majuma mawili au zaidi kabla ya safari, apande na kushuka nazo katika vijia vya mtaani kwake. Kiatu kisichozoewa humrudisha nyuma hata mtu mwenye nguvu za ng'ombe.

MAPATANO NA KIONGOZI

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huuliza swali moja tu: "Ni shilingi ngapi?" Akisikia bei ya chini, hufurahi na kulipa. Ingefaa aulize kwanza: "Ni siku ngapi?" Kupunguza siku ndiyo njia rahisi ya kupunguza bei, maana kila usiku mlimani una gharama ya chakula, ya malazi, ya ada ya hifadhi na ya mishahara ya watu. Mwenye kuuza safari ya siku mbili kwa bei ndogo huenda amemwuzia mteja wake ugonjwa.

Tena aulize kama kiongozi ana kibali, wachukuzi ni wangapi, na ikiwa mtu mmoja ataugua nani atashuka naye. Kundi lenye kiongozi mmoja tu liko hatarini. Ikiwa mmoja hawezi kuendelea, ama wote watarudi, ama mgonjwa ataachwa peke yake, ama atakokotwa kwenda mbele. Viongozi na wachukuzi walio wengi ni watu wa Nanyuki, Naro Moru na Chogoria, wenye mashamba ya viazi na mboga chini ya msitu. Wao wanaujua mlima kama mkulima anavyolijua shamba lake.

NJIA YA SIRIMON

Njia za kupandia zinazojulikana sana ni tatu: Naro Moru upande wa magharibi, Chogoria upande wa mashariki, na Sirimon upande wa kaskazini na magharibi. Wengi wanaoanza huchagua Sirimon, kwa kuwa ni kavu kuliko nyingine na mteremko wake si mkali sana.

Wasafiri huondoka Nairobi alfajiri. Gari hupita Thika, Sagana na Karatina, kisha Naro Moru, huvuka Ikweta karibu na Nanyuki, na baadaye huacha barabara ya Meru na kupanda hadi lango la Sirimon. Lango hilo lina urefu wa kiasi cha mita 2,650. Mtu aliyeamka Kibera asubuhi, penye urefu wa mita 1,700 na zaidi, amekwisha panda kiasi cha mita 900 akiwa ameketi katika kiti.

Kutoka langoni ni mwendo wa kilomita 9 katika msitu wa mierezi na mipodo. Hapo mbega huruka katika matawi, na mavi ya nyati na ya tembo huonyesha kwamba wenyeji wengine wa njia wamepita usiku. Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles, ndio walioipa Kibera jina lake, nalo katika lugha yao maana yake ni msitu. Mtoto wa Kibera wa leo, aliyekulia katikati ya mabati na reli, huenda akalielewa jina la kwao kwa mara ya kwanza anapotembea chini ya miti ya Sirimon.

Usiku wa kwanza hulalwa Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili msitu umebaki nyuma, na njia hupita katika nyasi na vichaka, huvuka vijito, kisha huingia katika bonde lililopewa jina la Mackinder. Huko mimea imekuwa mikubwa ajabu. Lobelia hushika maji katikati ya majani yake, nayo usiku huganda juu kama kioo. Senesio, yenye urefu wa mtu na zaidi, haiyaangushi majani yake makavu bali huyaacha yaufunike mwili wake kama blanketi. Hata majani yamejifunza kuvaa mavazi mazito mahali hapa. Jioni wasafiri hufika kambi ya Shipton, mita 4,200, chini ya kuta za Batian na Nelion, na pimbi hutoka miambani kuomba makombo.

UGONJWA WA MLIMA

Kutoka Old Moses hadi Shipton mtu amepanda mita 900 kwa siku moja. Waganga hushauri kwamba, mtu akipita mita 3,000, kila usiku asilale juu ya mahali pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Basi ni dhahiri kwamba siku hii ndiyo yenye hatari, na usiku mmoja zaidi wa kupumzika njiani si anasa.

Hewa ya kileleni imekuwa nyepesi, na kila pumzi humpa mtu zaidi kidogo tu ya nusu ya ile aipatayo Mombasa. Mwili huweza kuzoea, lakini huhitaji siku. Ujana hausaidii, wala mazoezi hayasaidii. Mara nyingi anayeugua ndiye kijana hodari, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda mbio. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishe. Lakini akianza kuhema hali ameketi, au kukohoa povu, au kupepesuka kama mlevi, au kusema maneno yasiyopatana, dawa ni moja tu, nayo ni kushuka wakati ule ule, hata ikiwa ni usiku. Watu wamekufa katika mlima huu kwa kungoja asubuhi.

Adui mkubwa wa msafiri ni aibu. Mtu ameweka akiba miezi sita, ameaga mtaa mzima, naye huogopa kurudi bila picha ya kileleni. Kwa hiyo huficha. "Kichwa chauma kidogo tu, mzee," humwambia kiongozi. Kiongozi mwema hujibu: "Kidogo tangu lini, kijana wangu?" Kisha humtazama anavyotembea, humwuliza alichokula, na akiona haja humwamuru ashuke pamoja na msaidizi. Huo ndio utumishi ambao msafiri ameununua. Kumwonyesha mtu njia ni kazi rahisi. Kumkataza kuendelea hali amelipa fedha ndiko kugumu.

Mlima wenyewe una kisa cha kufundisha jambo hili. Mwaka wa 1943 mateka watatu Waitalia walitoroka kambi yao ya vita huko Nanyuki ili waupande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku nyuma ya seng'enge. Vyombo vyao walikuwa wamevitengeneza wenyewe. Mmoja wao aliugua, akabaki chini kambini. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto walijaribu Batian wakashindwa, wakafika Lenana, wakarudi kwa mwenzao. Kisha wote watatu walirudi wenyewe kwa walinzi wao. Watu hao walithubutu hata kutoroka gereza, lakini hawakumlazimisha mgonjwa kupanda.

USIKU WA KILELE

Saa nane au saa tisa za usiku kiongozi huwaamsha watu. Hunywa chai, huwasha taa za kichwani, na kuanza kupanda katika changarawe zinazoteleza. Maji ya chupani huganda. Hakuna azungumzaye. Kiongozi hutembea pole pole mno, hata mgeni hudhani anadharauliwa, lakini baada ya saa moja huelewa. Mwenda pole hajikwai.

Karibu na kilele kuna vyuma vilivyopigwa mwambani vya kushikia mikono. Kisha, jua likichomoza, msafiri husimama Lenana, mita 4,985, yaani zaidi ya futi 16,300. Batian na Nelion ziko juu yake kidogo, lakini hizo huhitaji kamba na ufundi wa miamba. Halford Mackinder alifika Batian mwaka wa 1899, akiwa na viongozi wake César Ollier na Joseph Brocherel, baada ya kuondoka Nairobi na msafara mkubwa wa wachukuzi mwaka ule ule reli ilipofika mahali hapo. Ndiye aliyevipa vilele majina ya laiboni Mbatian wa Wamasai na jamaa zake. Lenana alikuwa mwana wa Mbatian, na watu wa Kawangware walijua jina lake kabla ya kupanda, maana shule ya Lenana iko kando ya barabara ya Ngong. Mwezi wa Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, Kisoi Munyao aliisimamisha bendera mpya ya taifa katika kilele hicho.

Hewa ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana upande wa kusini, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Karibu na miguu iko barafu ya Lewis, na habari yake ni ya huzuni. Kati ya mwaka wa 1934 na 2010 ilipoteza kiasi cha sehemu tisa katika kumi za ujazo wake, na ingali ikiyeyuka. Maji mengi ya mito ya mlima hutoka katika mvua na msitu kuliko katika barafu, na kwa hiyo msitu ule ni wa kulindwa kama ghala ya chakula. Mto Tana hupata maji yake hapa na katika milima ya Aberdare, kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Sehemu ya mwanga wa taa za Nairobi imepita katika mteremko huu.

Wasafiri hawakai kileleni. Hupiga picha, hupeana mikono, na kushuka kabla upepo haujaanza. Wakifika chini huwakuta wenzao waliorudishwa usiku, wameketi langoni, vichwa vimepona, wakinywa chai. Kundi lenye adabu haliwacheki.

Baada ya siku chache kila mtu yuko kazini kwake tena. Fundi viatu wa Kawangware hufungua kibanda, na karani wa Kibera husubiri matatu. Asubuhi moja hewa ikitakata, huinua macho na kuliona lile jino upande wa kaskazini na mashariki. Aliyefika juu hulitazama na kutabasamu. Aliyerudi njiani naye hulitazama, na huanza tena kuweka akiba, kwa sababu mlima upo, na yeye yu hai.