Jina la Beria

Wengi wetu tufikapo kwenye orodha za vizazi katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati hugeuza kurasa upesi. Mimi nami nilikuwa hivyo, hata siku aliponijia mama mmoja kabla ya ubatizo wa mwanawe. Mtoto aliitwa Tabu, kwa kuwa alizaliwa katika mwezi ule tulipomzika kaka yake. "Mwalimu," akasema, "nataka jina hili lifutwe, lisije likamfuata."

Nikafungua sura ya 7, tukasoma pamoja habari za Efraimu mwana wa Yusufu. Wanawe Ezeri na Eleadi waliuawa na watu wa Gathi kwa ajili ya ng'ombe. Baba akaomboleza siku nyingi, na ndugu zake wakaja kumfariji. Baadaye mkewe akazaa mwana, naye akamwita Beria, kwa sababu nyumba yake ilikuwa katika msiba.

Kwa Kiebrania, "beraa" ni kusema "katika ubaya" au "katika msiba". Ukiyaandika Beria na beraa kwa herufi za Kiebrania, tofauti yake ni herufi moja tu, yodi, iliyo ndogo kuliko zote. Wala jina lenyewe halikuwa jipya: Mwanzo 46 yatuambia kwamba Asheri, ndugu yake Yusufu, alikuwa na mwana aitwaye Beria. Jina lilikuwamo katika jamaa tangu zamani. Efraimu alisikia ndani yake sauti ya kilio chake mwenyewe.

Lakini orodha haikomi hapo. Aya chache mbele, katika ukoo uo huo wa Efraimu, twafika kwa Nuni na mwanawe Yoshua, ambaye jina lake maana yake ni "Bwana ni wokovu". Nyumba ile ya maombolezo ikamtoa yeye aliyewaingiza Israeli katika nchi ya ahadi. Wala mwandishi hakulifuta jina la Beria ili kuupamba ukoo. Aliliacha mahali pake, na msiba wake pamoja nalo.

Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi na la mwanangu lisifutwe. Nikilifuta, nitakuwa nimemfuta na kaka yake." Jumapili ile mtoto alibatizwa kwa majina mawili, Yoshua Tabu.

Tangu hapo sizipiti upesi kurasa zile. Kila jina lililoandikwa pale lilitamkwa kwanza na mzazi.