Mashine ya Kunyolea ya Marehemu Baba

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Watu huyatumia maneno haya wanaponena habari za ndoa na urafiki. Mimi leo nataka kuyatumia kwa habari ya kitu kidogo sana, yaani mashine ya kunyolea ndevu. Huenda msomaji mwingine akacheka na kusema kwamba hayo si mambo ya kuandikwa. Lakini mtu ambaye shingo yake imejaa vipele, naye ametakiwa afike kazini kila asubuhi uso ukiwa safi, hatacheka.

Marehemu baba yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana Burma, akarudi kwetu Taita mwaka 1946. Alipofariki mwaka 2014, akiwa amepita miaka tisini, tulikaa baada ya matanga kugawana vitu vyake. Shamba lilikuwa na maneno mengi, na ng'ombe pia. Lakini palikuwa na kopo moja la bati ambalo hakuna aliyeligombania. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kunyolea, nzito, ya chuma kilichopakwa nikeli. Baba yangu mdogo alisema, "Kitupeni chuma hicho, kitamkata mtu koo." Mchuuzi wa vitu vya kale, aliyesikia habari zake, alitaka kunipa shilingi mia tatu. Sikukitupa wala sikukiuza, kwa kuwa niliona si haki mtu kutupa kitu, wala kukiuza, kabla hajajua ni kitu gani.

Mwaka uliofuata mwanangu alipata kazi ya kuhudumia wageni katika hoteli moja huko pwani, naye aliwekwa kwanza katika muda wa kujaribiwa. Amri ya pale ilikuwa wahudumu wote wanyoe ndevu kila siku. Kijana alinunua vijiwembe vya plastiki vyenye makali mengi yaliyopangwa pamoja, na baada ya majuma machache shingo yake ikavimba, ikatoka vipele na usaha. Msimamizi wake akamwambia kwamba wageni hawapendi kuona shingo ya namna ile, na kwamba akija tena hivyo huenda asiandikwe. Akinyoa, anaumia, asiponyoa, amevunja amri. Alinipigia simu akiwa na huzuni nyingi.

Yafaa tufahamu vipele hivi hutoka wapi. Ndevu zetu wengi hujikunja. Makali mengi yakipita pamoja, la kwanza huuvuta unywele, na yale yanayofuata huukata chini kuliko usawa wa ngozi. Unywele ule, unapoanza kuota tena, ncha yake ni kali, nao kwa sababu ya kujikunja hurudi na kuichoma ngozi kutoka ndani au kutoka nje. Mwili huuona kama mwiba, ndipo pale panapovimba. Dawa iliyo ya hakika kuliko zote ni kuziacha ndevu ziote. Lakini mtu asiyeweza kuziacha, mara nyingi waganga wa ngozi humshauri atumie kali moja tu, anyoe kwa kufuata ndevu zinavyoota, wala asiivute ngozi. Niliposikia hayo, nikalikumbuka lile kopo.

Basi ilinibidi kwanza kuijua asili ya mashine ile. Zamani mwanamume alinyolewa kwa wembe mrefu wa kukunja, uliotaka mkono wa fundi. Mwaka 1880 ndugu wa jamaa ya Kampfe, huko New York katika nchi ya Marekani, walipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wao. Chombo chao, kilichoitwa Star, kilikuwa na kipande kifupi cha wembe ndani ya kichwa cha chuma, na mbele yake ukingo wa kuilinda ngozi. Wembe ule ulikuwa mnene, wenye makali upande mmoja, na mwenyewe alipaswa kuunoa. Baadaye akatokea Gillette na wembe mwembamba wenye makali pande mbili, wa kutupwa ukishakuwa butu. Mwaka 1903, alipoanza kuuza, aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Lakini biashara yake ilikua sana, hata watu wengi wakasahau kwamba mashine ya kali moja ilitangulia. Nayo haikufa. Majina ya Star, Gem na Ever-Ready yalikuja kuwa chini ya kampuni moja ya Brooklyn, iliyoitwa American Safety Razor, na mashine zake zilienea katika nchi nyingi.

Mtu akiokota mashine ya namna hii, aitambue kwa jinsi inavyofunguka. Ikiwa kifuniko cha kichwa huinuliwa kwa kidole gumba juu ya bawaba, huenda ni ile ambayo wakusanyaji huiita "1912". Hapo ajihadhari: mwaka uliopigwa chapa juu ya chuma ni mwaka wa hati ya uvumbuzi, si mwaka ambao mashine ilitengenezwa, kwa maana namna moja iliendelea kutengenezwa miaka mingi. Ikiwa unazungusha kirungu kilicho chini ya mpini na kifuniko kinajifungua chenyewe, hiyo ni Gem Micromatic. Zile za miaka ya 1930 zina meno yaliyo wazi kama kitana. Baadaye ikatoka nyingine iliyoitwa Clog-Pruf, ambayo ukingo wake hauna meno wazi. Ikiwa kichwa kina nafasi ya kupitishia ukanda wa ngozi, hata wembe ukanolewa bila kutolewa, hiyo ni Valet AutoStrop. Na ikiwa ni kisanduku bapa cha chuma, chenye jiwe la kunolea upande mmoja na ngozi upande wa pili, hiyo ni Rolls Razor ya Uingereza. Nyembe za hizi mbili za mwisho si sawa na za Gem, basi mtu asinunue kwa kubahatisha.

Ile ya baba ilikuwa Micromatic yenye meno wazi. Niliiosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, bila tindikali wala mchanga, kwa kuwa vitu hivyo huondoa nikeli. Kisha niliiloweka katika spiriti. Baada ya hayo nikatazama mambo matatu. La kwanza, je, kifuniko hufunga sawasawa pande zote mbili? La pili, je, kuna jino lililopinda? La tatu, nalo ndilo kubwa, ni vishikizo viwili vidogo vilivyo mbele, kimoja kila upande, ambavyo pembe za wembe huviegemea. Kimoja kikivunjika au kikilika, wembe hukaa mshazari, upande mmoja ukakata sana na mwingine usikate. Mashine ya namna hiyo ni ya kuwekwa kabatini kwa ukumbusho, si ya kutiwa usoni. Vya baba vilikuwa vizima.

Wembe wake ni mfupi, urefu wake kama milimita 38, una makali upande mmoja, na mgongo wake umekunjiwa bati. Unene wake ni zaidi ya mara mbili ya wembe wa makali mawili, kwa hiyo haupindiki wala hautetemeki unapokata ndevu ngumu. Nyembe hizi bado hutengenezwa, nami niliagiza kasha moja kwa posta. Lakini jambo moja lisisahauliwe. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa nyembe za umbo lile lile, za kukwangulia rangi na vioo. Hizo huingia katika mashine, lakini makali yake hayakusuguliwa kwa ajili ya ngozi ya mtu. Asiyejua hushika moja badala ya nyingine, kisha huilaumu mashine.

Mwanangu alipopata siku mbili za mapumziko akaja nyumbani, nikamwonyesha. Kwanza tuliacha ndevu zake zipate maji ya moto kwa dakika kadhaa, kwa kuwa unywele uliolowa hukatika kwa urahisi, kisha tukapaka povu la sabuni kwa brashi. Halafu nikamwambia aweke bapa la kichwa cha mashine juu ya shavu, kana kwamba hataki kunyoa, kisha ateremshe mpini kidogo kidogo mpaka makali yaguse. Hapo ndipo mahali pake. Asikandamize, maana uzito wa chuma wenyewe watosha. Avute hatua fupi fupi, akifuata ndevu zinavyoota, wala asiivute ngozi. Shingoni ndevu huota kwa njia mbalimbali, hivyo alipapasa kwanza kwa kidole apate kujua. Wembe ule mnene hutoa sauti ya kukwaruza, naye alishtuka kidogo, lakini sauti ile ni ya nywele zinazokatika, si ya ngozi. Alipita mara moja tu, akanawa maji baridi. Uso haukuwa laini kama wa mtoto, lakini ulikuwa safi, wala hapakuwa na damu.

Nilimpa na onyo moja. Mashine hii ni yake peke yake. Wenzake wa chumbani wakiomba kuazima, awakatalie kwa adabu, kwa sababu damu kidogo sana, isiyoonekana kwa macho, yaweza kupeleka homa ya ini au virusi vya UKIMWI kutoka kwa mtu hadi mtu. Na wembe uliokwisha autie ndani ya kopo lililofungwa, asiutupe jalalani ambako watoto hucheza.

Vipele havikutoweka siku ile wala juma lile. Vile vya zamani vilichukua zaidi ya mwezi kupungua, na viwili vitatu hurudi hata sasa akinyoa kwa haraka. Lakini usaha ulikoma, na muda wa kujaribiwa ulipokwisha, kijana aliandikwa kazi. Baba yangu mdogo alipoiona shingo yake wakati wa Krismasi, aliishika mashine ile kwa muda mrefu, akaizungusha kirungu chake na kuitazama ikifunguka, kisha akasema tu, "Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya."

Sisemi kwamba kila chuma cha zamani ni chema, wala kwamba vitu vipya ni vibaya. Vipo vya kale ambavyo kazi yake imekwisha, na kuvitumia ni kujitafutia jeraha. Nasema hivi: katika nyumba nyingi kuna makopo ambayo wazee waliyaacha, na wenyeji huyauza kwa bei ya chuma chakavu kwa kutojua tu yaliyomo. Mwenye kopo kama hilo na alifungue, alisome jina lililopigwa chapa, avitazame vile vishikizo viwili, ndipo akate shauri. Na aliye na mzee angali hai amwulize leo jinsi chombo chake kinavyofanya kazi, kwa maana jibu la mzee ni fupi na la hakika kuliko kukisia.